Kishubaka cha Salamu

Jumatatu ile watu watatu waliniambia kwamba mtoto wao wa mwisho ana mafua.

Wa kwanza alikuwa Mzee Nkwabi, fundi cherehani mstaafu, ambaye mwanawe wa mwisho ni askari wa wanyamapori na sijapata kusikia hata siku moja kwamba anaumwa. Nikampa pole. Wa pili alikuwa Bi Tausi binti Hemedi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Na yeye nikampa pole, tena kwa moyo, maana Sefu wake aliye Kigoma kweli alikuwa na mafua; nilimsikia mwenyewe akipiga chafya kwenye simu. Wa tatu alikuwa Sista Leokadia, mtawa wa miaka themanini na mbili. Sista Leokadia hajazaa wa kwanza, sembuse wa mwisho.

Nilikuwa nimemuuliza "Watoto hawajambo?" kwa mazoea tu, kwa ajili ya wale yatima aliowalea zamani.

"Hawajambo, mwanangu. Ila wa mwisho ana mafua kidogo," akajibu. Kisha akasimama palepale njiani, mkono shavuni. "Nyamizi. Mimi nina mtoto wa mwisho?"

"Ngoja nitaangalia, Sista," nikamwambia, kama mtu aliyeulizwa saa. Nikaingia kwenye kibanda changu, nikakaa mbele ya mitambo, na sikujua niangalie nini.

Kuangalia ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtunza Lango wa mtaa wa Bondeni, hapa Igunda. Mtaa una wazee mia mbili na kumi na wawili wenye ugonjwa wa kusahau, na kila mmoja ana kidude nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya haragwe, tunakiita kumbusho. Mzee akitaka kukumbuka jambo, kumbusho linauliza. Swali linapita kwenye Lango, Lango linahakikisha anayeuliza ni nani na anaruhusiwa kuuliza nini, kisha linalipeleka kwenye ghala la wingu ambako kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Jibu linarudi njia ileile, na mzee anadhani amekumbuka mwenyewe. Waliotuletea mtambo walituahidi kwamba yote hayo hayatachukua hata muda wa kupepesa jicho.

Walituahidi hivyo kwa sababu hawakuwahi kusikia watu wa Bondeni wakisalimiana. Walipima mgawo wa Lango, yaani maswali linayoweza kupitisha kwa wakati mmoja, wakiwa mahali ambapo huyu akisema habari na yule akasema nzuri, mambo yamekwisha. Hapa kwetu hapo ndipo mtu kwanza amepiga hodi. Umeamkaje, nyumbani wazima, watoto hawajambo, wajukuu je, na ule mguu, na yule mgonjwa wa Urambo alisharudi, na shambani mvua imefika? Siku moja nilihesabu. Wazee wawili kusalimiana tu, kabla hawajaanza kuzungumza, ni maswali kumi na tisa ghalani. Na wote wanaamka wakati mmoja, wanapita barabara moja, na Lango ni moja la mtaa mzima. Kila asubuhi lilizidiwa. Ungewakuta watu wazima wamesimama barabarani midomo wazi, mmoja ameuliza na mwenzake anangoja jibu lishuke, na Bondeni hakuna dharau kubwa kama salamu isiyoitikiwa. Mzee Nkwabi na shemeji yake walinuniana mwezi mzima.

Kwa hiyo Jumapili nilitengeneza kishubaka. Ni nafasi ndogo ndani ya Lango ya kuwekea majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, ili Lango lisifunge safari ya ghalani kila dakika. Leo ni siku gani? Gulio ni lini? Anayeuliza wa kwanza asubuhi analetewa jibu kutoka ghalani, jibu linabaki kishubakani mpaka saa sita mchana, na wote wanaouliza baada yake wanapewa lilelile. Jumatatu foleni ikaisha kabisa. Salamu zikawa zinatiririka. Nilijisifu, siwezi kukataa, na ndiyo maana nilipoulizwa na mtawa kama ana mtoto wa mwisho sikutaka kufikiria kwamba inanihusu.

*

Mchana nilikwenda nyumbani kula, nikamkuta baba anapiga mluzi.

Baba yangu, Mzee Mihayo, alikuwa mkuu wa stesheni hapa Igunda enzi treni zilipokuwa bado zinaendeshwa na watu. Kumbusho analo mwaka wa nne huu. Mdogo wangu Shija, mtoto wake wa mwisho, alikufa miaka mitatu iliyopita, akiangukiwa na nguzo ya umeme kazini kwake. Watu wengine hufiwa mara moja, lakini msahaulifu hufiwa kila siku. Baba huamka hajui. Anatoka mlangoni akiwa mtu mzima mwenye heshima zake, anayepita anamwamkia, watoto hawajambo? Kumbusho linauliza, jibu linarudi, nami nikiwa jikoni namsikia akisema, "Wa kwanza mzima. Wa mwisho tulimzika." Sauti yake hukatikia palepale siku zote. Halafu anarudi uani anakaa kwenye benchi hadi jua likolee. Mimi huwa nakoroga uji. Siku zaidi ya elfu moja nimekoroga uji nikisikiliza sentensi ile.

Jumatatu ile alikuwa amepanga sahani tatu mezani.

"Ya tatu ya nani, baba?"

"Ya Shija. Ana mafua kidogo. Akinywa mchuzi wa moto atachangamka."

Sufuria iliniunguza vidole nikaiweka chini. "Nani kakwambia Shija ana mafua?"

"Nani aniambie? Nimekumbuka," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu alichokitafuta miaka. "Atakuja lini, mama? Hajakwambia?" Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake.

Nilitakiwa nimwambie. Kila kitu nilichofundishwa kuhusu kazi hii kilinitaka nimwambie, kisha nirudi kazini mbio nitafute kasoro. Nikapakua sahani tatu.

*

Jumanne na Jumatano nilitafuta, lakini nilitafuta kivivu. Nilifungua ghala la mzee mmoja mmoja, nikakuta kila mtu ana yake na ziko salama. Kwa Mzee Nkwabi mwanawe wa mwisho hakuwa na mafua. Kwa Sista Leokadia hapakuwa na mtoto kabisa. Kwa baba, Shija alikuwa amekufa, tarehe ipo, mvua ya siku ile ipo, kila kitu kipo. Ghalani palikuwa sawa na vichwani hapakuwa sawa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, wanasema. Bondeni zilikuwa zimechanganyika kama kinyozi hajafagia.

Nikampigia Lugendo, injinia wa wilaya. Lugendo ni mtu wa kuhubiri jambo moja tu.

"Nimekwambia mara ngapi, dada Nyamizi? Lango la pamoja ni bomba moja la mtaa. Mmoja akijaza pipa, wote mnangoja. Mmoja akitia uchafu, wote mnaharisha. Ule mfuko niliokuletea mwezi wa tatu uko wapi?"

"Uko kabatini."

"Ndani yake kuna lango la pekee. La nyumba moja. Lifunge kwa mzee wako, mgawo wote ni wake, hakuna jirani wa kumkanyaga. Na kanuni unaandika mwenyewe, hungoji kamati."

Hapo kwenye kanuni nikatega sikio. Kwenye lango la pamoja siwezi kuandika kanuni kienyeji. Kila ninayoiandika inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kamati ya wazee inaisoma, inabishana, inatia sahihi. Kile kishubaka chenyewe kilibishaniwa siku tatu, na walikipitisha kwa sababu ya foleni.

"Na hilo la pekee nani analikagua?" nikauliza.

"Mwenye nyumba. Au mlezi wake. Kwani ni la nani?"

Nikamwambia nitalifikiria. Ukweli ni kwamba sikutaka kufikiria chochote. Jumatano baba alikula vizuri. Alinisimulia namna Shija alivyojificha ndani ya behewa la mahindi akiwa na miaka sita wakamtafuta hadi kituo cha pili, na alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu msiba sikuwa nimesikia hadithi hiyo. Nilijiambia kasoro itajirekebisha yenyewe, mimi mtu wa mitambo, ninayejua fika kwamba hakuna kasoro ya namna hiyo.

*

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nafunga mlango kwenda kazini, nikasikia kilio kwa Bi Tausi.

Nikakimbilia huko. Alikuwa ameketi chini sebuleni, kanga kichwani, na wanawake wawili wa nyumba ya nyuma walishamshika mabega.

"Sefu wangu," akasema aliponiona. "Nimemzika Sefu wangu, Nyamizi, na sikumbuki hata nilivaa nini."

"Bibi, Sefu yuko Kigoma. Ana mafua tu."

Simu yake ikaita. Alikuwa Sefu mwenyewe, uso mzima kwenye kioo, anauliza mbona mama hapokei. Bi Tausi aliutazama ule uso, kisha akaigeuza simu kifudifudi kwenye mkeka. "Wananionyesha picha zake," akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumlaumu yeyote.

Hapohapo kilio kingine kikaanza nyumba ya pili. Nikatoka. Mzee Nkwabi alikuwa amekaa kwenye vumbi mbele ya nyumba yake, kofia mkononi. Nyumba ya tatu, kilio. Nilihesabu misiba kumi na mmoja, mtaa mmoja, asubuhi moja, na maiti hakuna hata moja. Watu wa mitaa ya jirani walishaanza kufika na kuni na unga, maana msiba hauulizwi, wakawa wamesimama katikati ya barabara na madishi vichwani hawajui watue kwa nani. Shehe na katekista walikutana kwenye kona, kila mmoja ameitwa nyumba nne, wakabaki wanaulizana. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: nilipofika karibu na kibanda changu nilimkuta Sista Leokadia amepiga magoti mlangoni.

"Nilimzika mtoto, Nyamizi," akasema. "Najua nilimzika. Lakini jina lake silijui. Nimwombee kwa jina gani?"

Nilimwinua nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikakosea neno la siri mara mbili. Nikafungua orodha ya maswali yaliyopita Langoni tangu alfajiri. La kwanza kabisa lilipita saa kumi na moja na dakika arobaini. Swali: watoto hawajambo? Muulizaji: kumbusho la Mihayo, nyumba namba thelathini. Jibu: wa kwanza mzima, wa mwisho tulimzika. Lilitoka ghalani, likaingia kishubakani, na likakaa humo kuwasubiri wengine mia mbili na kumi na mmoja.

Kila siku kabla ya hapo muulizaji wa kwanza alikuwa Bi Tausi, anayeamka kwa swala. Mafua ya Sefu yalikuwa yamekwenda mtaa mzima. Leo baba alikuwa ameamka mapema kuliko watu wote. Niliona ua limefagiwa nilipotoka na sikujiuliza. Alikuwa anamfagilia Shija, muuza maziwa akapita akamwamkia, na kwa kuwa kishubaka kilikuwa kitupu, baba akaletewa jibu lake mwenyewe.

Nitasema kosa langu lilivyokuwa, maana Lugendo alikuja kuniuliza mtu mwenye akili timamu angelifanyaje. Nilipotengeneza kishubaka, mtambo uliniuliza kwa kila swali: jibu la swali hili ni la mwenye kuuliza, au ni la wote? Siku ya gulio, nikabonyeza la wote. Mvua, la wote. Watoto hawajambo? Nikabonyeza la wote, kidole hakikusita. Kwani kwetu mtu akiulizwa hivyo hujibu nini? Hujibu hawajambo. Nyumba inaweza kuwa inaungua, mtu atakwambia salama kwanza, ndipo akuombe ndoo. Tangu nizaliwe nimesikia swali lile na jibu lake vikienda pamoja, na haikunijia hata kidogo kwamba nyuma ya jibu la wote kila mtu ana lake. Kamati nayo haikuona, wazee tisa na miwani yao. Na majibu ya salamu huwa hayana majina, kwa sababu anayeuliza anamjua mtoto. Kwa hiyo kila mzee alipokea msiba usio na jina, akautafutia jina la mwanawe.

Nilibadilisha alama ya swali lile, kutoka la wote kuwa la mwenye kuuliza, nikakimwaga kishubaka. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Kilio cha nje kikaanza kupungua nyumba moja moja, kama mvua inavyohama. Sista Leokadia akanyanyua kichwa, akanitazama kwa mashaka, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nilienda nyumbani nikamkuta baba kwenye benchi. Msiba wake peke yake ndio haukuondoka, kwa sababu wake ulikuwa wa kweli.

*

Lango la pekee lilikuwa na ukubwa wa kitabu cha sala. Nilipeleka ule mfuko nyumbani mchana uleule, nikalifunga ukutani nyuma ya kabati la vyombo, nikahamisha kumbusho la baba kutoka kwenye lango la mtaa. Likauliza kama kuna kanuni za nyumba. Nikaandika: akiulizwa habari za watoto, jibu liwe wote wazima. Likauliza nani ameidhinisha. Nikaandika jina langu, na halikuniuliza tena.

Sikuona kwamba ninafanya ubaya. Niliona ninamtua baba yangu mzigo aliobebeshwa zaidi ya mara elfu. Daktari angeweza kumpa dawa ya kutuliza maumivu, na hakuna kamati ingekaa kuijadili.

Ijumaa ilikuwa siku njema. Baba aliitikia salamu zote mlangoni, akarudi ndani akadai uji wake. Lakini mchana akauliza mbona Shija hapigi simu. Nikaenda nyuma ya kabati nikaongeza kanuni ya pili: Shija alipiga jana. Akauliza kasemaje. Nikaongeza ya tatu: yuko safarini kikazi. Akauliza safari ya wapi, na gari gani, na mkewe wamepatana? Shija hakuwa amefikia kuoa. Hadi jua linashuka nilikuwa nimeandika kanuni saba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliogopa kuulizwa habari na baba yangu. Nilichoka kuliko siku ya misiba kumi na mmoja. Nikawa sijui tena kama ninamlinda yeye au ninajilinda mimi na ile sentensi ya asubuhi.

*

Jumamosi saa tatu Bi Tausi alikuja kibandani. Aliamkiwa, akaitikia, akaketi. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio, akabandua kumbusho lake akaliweka mezani mbele yangu.

"Kichukue, mwanangu. Kinasema uongo tena."

"Kinasemaje, bibi?"

"Nimetoka kumwamkia babako sasa hivi. Nimemuuliza watoto, kasema wote wazima, Shija kapiga simu juzi, yuko safarini. Na mimi kidude kinaniambia Shija amekufa. Kinaniambia nilipika kwenye msiba wake siku tatu, jiko la nyuma, na wewe ulikuwa huli." Alikuwa anaongea polepole, akichunga kila neno lisidondoke kabla halijafika. "Alhamisi kimenizikia wangu aliye hai. Leo kinamzika wenu. Mihayo ni baba mtu, hawezi kukosea kwa mwanawe. Aliyeharibika ni mimi. Bora kukaa bila kukumbuka kitu, kuliko kuwazika watu wazima."

Jibu rahisi lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo, bibi, kina kasoro, nitakirekebisha. Angenishukuru. Halafu ningeingia kwenye ghala lake nifute zile siku tatu za jiko la nyuma. Baada yake angekuja Mzee Nkwabi, aliyeshika jeneza upande wa kushoto. Baada yake katekista. Lango nililomfungia baba lilikuwa lake peke yake, lakini salamu ni za watu wawili, na kila atakayemwamkia angeondoka akiwa na wasiwasi na akili yake. Ili baba mmoja asikumbuke, ingenibidi niusahaulishe mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, tena kwa kuwaambia kwamba wagonjwa ni wao.

Bi Tausi alikuwa ananitazama anangoja. Hakuwa na kitu sikioni, kwa hiyo hata sina hakika kama bado alijua ananingojea nini. Alijua tu ameuliza.

"Hakijaharibika, bibi," nikasema. "Kimekwambia kweli. Shija alikufa."

Nililia. Sikutarajia, lakini nililia vibaya, kichwa mezani kati ya mitambo. Miaka mitatu sikuwa nimeyatamka maneno yale. Sikuhitaji, baba alikuwa anayasema kwa niaba yetu wote wawili kila siku, nami nilikoroga uji.

Bi Tausi akachukua kumbusho lake mezani, akalirudisha nyuma ya sikio kwa vidole vya mtu anayefunga kishikizo. Akasubiri kidogo liungane. "Pole, mwanangu," akasema. "Ndiyo. Hukula siku tatu."

*

Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani. Nilifungua lango la pekee nyuma ya kabati, nikafuta kanuni zote saba, nikarudisha kumbusho la baba kwenye lango la mtaa. Kile kidude nikakirudisha kwenye mfuko wa Lugendo. Sisemi ni kibovu. Kuna nyumba kitazifaa, zenye mtu wa kuandika kanuni asiye na moyo kama wangu. Kisha nikatoka haraka uani kabla hajapita mtu wa kumwamkia baba.

Alikuwa kwenye benchi, amenyoosha miguu juani.

"Baba," nikasema. "Nina jambo. Shija alikufa. Mwaka wa tatu sasa. Aliangukiwa na nguzo."

Niliona jibu likimfika kutoka ghalani, likikutana na langu njiani, na yote mawili yakisema kitu kimoja.

"Nilikuwepo kumzika?"

"Ulikuwepo. Walikuletea kiti ukakikataa. Ulisimama hadi mwisho."

"Na nilikuwa nalijua hili?"

"Ulikuwa unalijua kila siku. Wiki hii ndipo nilikuficha. Nilikuwekea uongo kwenye kumbusho, baba, kwa mkono wangu."

Akanitazama kwa hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake. "Ulimchukua mwanangu ukaniachia picha," akasema. "Usirudie."

"Sitarudia."

"Kesho nitakuwa nimesahau."

"Kesho nitakwambia mimi, hapa hapa, kabla hujatoka mlangoni. Hutaambiwa tena barabarani na watu wanapita."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikaa akihema, mikono kwenye magoti, kisha akanigeukia kama aliyekumbuka adabu.

"Na wewe, mama. Wewe alikwambia nani?"

Nilitaka kusema watu wa kazini, au polisi, maana hao ndio waliopiga simu siku ile. Lakini hilo silo alilouliza.

"Wewe, baba. Ulikuwa unaniambia kila asubuhi. Mimi sikuwahi kukujibu."

Akasogea mwisho wa benchi, akanipisha, nami nikakaa.

"Basi niambie tena," akasema. "Polepole. Leo mimi nitakujibu."